Kubadili gesi ya AC: Usiingie mkenge na mkweche wako!

Wiki hii tunaacha kwanza habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tunaingia gereji. Msikunje nyuso, akina dada, siku hizi magari mnayo na nyinyi, na mkenge hauchagui jinsia.

Najua wapo watakaoanza kunicheka mapema, hasa washikaji wa Dar wanaoijua Tunduma kwa kusikia tu. Watasema: "Wewe mtu wa mpakani unaandika habari za kiyoyozi? Huko kwenu si mnalala na mablanketi mawili, AC ya nini? Fungua kioo, baridi ya bure hiyo!"

Haya, wamesema kweli nusu. Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa sita hata wale vijana wa kubadilisha kwacha pale mpakani hujikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Lakini jamani, gari halikai Tunduma. Gari linashuka Kamsamba, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mpunga na joto la kumwaga jasho hata ukiwa umekaa. Linakwenda Mkwajuni kwa wachimba dhahabu. Linakwenda Dar, kilometa zaidi ya 900, na ukifika kule mwezi wa pili mchana bila AC utajuta kuzaliwa. Ukifungua kioo barabara ya vumbi, unafika umekuwa mweupe kama umetoka mashine ya kusaga.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. AC si ya joto peke yake. Msimu wa mvua huku Mbozi na Tunduma, watu wanne wakikaa garini vioo vinafunga ukungu kwa ndani, huoni mbele. AC inakausha hewa. Iwashe pamoja na hita, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, dakika chache tu kioo cheupe. Dereva anayeteremka Iwambi kuelekea Mbalizi asubuhi ya mvua, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unafuta kioo kwa kitambaa, huku malori yamempanga mbele na nyuma, huyo anacheza na roho za watu.

Kwa hiyo AC ina kazi yake, hata kwetu. Tatizo ni kwamba ikiwa gari lako ni la zamani, gesi yake ilishakufa siku nyingi. Ndiyo mada ya leo.

GESI ILIYOKWENDA NA WAKATI WAKE

Kama unaendesha Peugeot 504, Mercedes W123, Land Cruiser ya miaka ya 1980 au Mark II GX81 ya mwanzo mwanzo, kiyoyozi chake kilitoka kiwandani na gesi inayoitwa R12. Wazee wa gereji huiita Freon, lililokuwa jina la biashara la kampuni ya DuPont. Gesi za ukoo huo zilibuniwa Marekani mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake, na kwa kweli zilikuwa bomba: haziwaki moto, hazina sumu ya kumdhuru mtu kwa kawaida, na zinapoza vizuri. Zikaingia kwenye mafriji, kwenye magari, kwenye makopo ya manukato ya kupuliza.

Kumbe zina kisirani. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi hizi zikivuja hazioziki huku chini. Zinapanda mpaka juu kabisa angani, jua linazipasua, zinatoa klorini, na klorini hiyo inakula tabaka la ozoni, ule mwavuli unaotukinga na miale mikali ya jua inayoleta saratani ya ngozi na kuharibu macho. Chembe moja ya klorini inaweza kumaliza chembe za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijatulia. Mwaka 1985 Waingereza wanaofanya utafiti Antaktika wakatangaza kwamba mwavuli umetoboka kweli. Dunia ikapata mchecheto. Septemba 16, 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na ndiyo maana kila Septemba 16 ni Siku ya Ozoni duniani. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R12 katikati ya miaka ya 1990, na nchi zetu zikapewa mpaka Januari 1, 2010. Hapa nyumbani ziliwekwa kanuni mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, za kudhibiti gesi hizo. Viwanda vya magari navyo, kati ya mwaka 1992 na 1994 hivi, vikahamia gesi mpya iitwayo R134a, isiyo na klorini. Ndiyo iliyomo kwenye magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandarini Dar.

Sasa wewe mwenye mkweche utafanyaje? R12 halali huipati dukani. Ndipo maneno yanapoanza kijiweni: "Ah, mshikaji, lete tu, tunakupiga 134, dakika kumi umeondoka." Hapo ndipo mkenge ulipo.

MAMA WA MCHELE NA GESI YA KILA MWEZI

Kuna mama mmoja hapa mjini anafanya biashara ya mchele wa Kamsamba. Ana Land Cruiser ya mwaka 1986, chuma kweli kweli, inabeba magunia na inapita kwenye tope ambalo haya magari yetu ya kisasa yangeomba poo. AC yake ilipoacha kupoza, akaipeleka gereji bubu moja. Fundi hakuuliza wala hakufungua kitu. Alichomeka mpira, akaongeza R134a juu ya kilichokuwamo, akapokea mkwanja wake, akampungia mama mkono.

Ilipoza wiki tatu. Mama akarudi, ikajazwa tena. Ikapoza wiki mbili. Mara ya tatu haikufika hata Kamsamba: njiani ilisikika kelele ya chuma kinachosaga chuma, mkanda ukapiga mluzi, harufu ya mpira ulioungua ikajaa garini. Kompresa ilikuwa imekwama kabisa, haizunguki. Mama alikaa pembeni mwa barabara na mzigo wa watu mpaka mkanda ukakatwa ndipo akaendelea, AC ikiwa maiti.

Nilimkuta kwenye gereji nyingine, kwa kijana aliyesomea ufundi wa majokofu. Mimi nilikuwa nimekwenda kusaka habari, nikapewa tairi bovu nikae, nikatoa daftari.

"Mwanangu," mama alimwambia fundi, "mimi nimelipia gesi mara tatu. Hii gesi inakwenda wapi? Au gari limerogwa?"

"Shikamoo mama. Gari halijarogwa. Gesi ya AC haitumiki kama petroli, inazunguka mle mle miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Aliyekujazia bila kutafuta tundu alikuwa anajaza maji kwenye pakacha."

"Sasa na kompresa nayo imekufa kwa nini? Pakacha ndilo limeua kompresa?"

Kijana akacheka, akafuta mikono. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa hiyo lisome vizuri.

Kompresa ya AC ni kama injini ndogo. Ndani yake kuna pistoni zinazosukuma gesi, na pistoni zinahitaji oili. Lakini kompresa haina sampo ya oili yake kama injini. Oili inasafiri pamoja na gesi: inatoka kwenye kompresa, inapita kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inapita kwenye draya, kile kichupa cha kunyonya unyevu, inapita kwenye vali, inaingia kwenye kirejeta kidogo kilichofichwa ndani ya dashibodi, halafu inarudi kwenye kompresa. Gesi ya zamani, R12, ilichanganyika vizuri na oili ya madini, ile ya kawaida, ikaibeba mzunguko mzima. R134a haichanganyiki na oili ya madini. Inaiacha njiani, imelala kwenye mabomba, na kompresa inabaki kavu. Injini isiyo na oili unajua mwisho wake.

Ndiyo siri yenyewe hiyo. Anayekwambia "nakubadilishia gesi" akanyamaza kuhusu oili, hajakubadilishia kitu. Amekuuzia kifo cha kompresa kwa mafungu.

Kuna na lingine. R12 na R134a zikichanganywa hazikai kwa amani: presha ya mchanganyiko inapanda kuliko ya kila moja peke yake, na hakuna fundi wa mtaani atakayeweza kuzitenganisha tena. Mama alikuwa anatembea na presha ya bure chini ya boneti.

KAZI INAVYOTAKIWA KUFANYWA

Kazi ya Land Cruiser ile ilichukua siku mbili. Nitakupa mtiririko wake ili fundi wako asikuzuge.

Kwanza fundi alitafuta tundu. Alianza kwa macho: panapovuja gesi huvuja na oili, na oili hukamata vumbi, kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu kwenye maungio ni shahidi tosha. Halafu akajaza naitrojeni kavu ndani ya mfumo na kupaka povu la sabuni kwenye kila ungio. Povu likachemka sehemu mbili. Kabla ya hapo, kile kilichobaki mle ndani alikivuta kwa mashine kikaingia kwenye mtungi wa akiba. Hakukiachia hewani. Hili mafundi wengi huliona ni ushamba, wanafungua nati tu, pssss, kwaheri. Lakini R12 ikishapanda juu inakaa karibu miaka mia moja, na mbali ya kula ozoni, inapasha dunia joto maelfu ya mara kuliko kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo. Yaani ukiiachia leo, wajukuu zako wataikuta.

Pili, oili ya zamani ilitolewa. Kompresa iliyokufa iliinamishwa kwenye kikombe. Kilichotoka kilikuwa kizito, cheusi, kinang'aa kama rangi ya viatu iliyochanganywa na unga wa chuma. Mama aliangalia akashika mdomo. Kompresa ikifa hivyo, unga wa chuma husambaa mzunguko mzima, kwa hiyo mabomba yalisafishwa kwa dawa yake maalumu na kukaushwa kwa naitrojeni. Si petroli wala dizeli, tafadhali. Kondensa fundi alishauri ibadilishwe kabisa, kwa sababu njia zake ni nyembamba na uchafu hauishi humo. Ikapatikana kompresa ya mtumba kutoka Mbeya, na hiyo nayo ilimwagwa oili yake yote kwanza, maana ya mtumba huwezi kujua imekula nini.

Tatu, draya mpya. Hapa usibishane na fundi. Mle ndani kuna punje za kunyonya unyevu, na punje za draya nyingi za zamani haziendani na R134a, huweza kusagika na kuziba vali. Draya ya kisasa imetengenezwa kwa gesi mpya. Bei yake ukiilinganisha na kompresa ni kama ya chai na pilau.

Nne, oringi zote za kwenye maungio yaliyofunguliwa. Zinazofaa R134a mara nyingi ni za kijani, lakini rangi pekee si ushahidi, uliza zimetengenezwa kwa gesi gani. Zipakwe oili kabla ya kufungwa. Mabomba ya mpira nayo yakaguliwe: R134a ni chembe ndogo kuliko R12, na bomba la kizamani lililochakaa litaivujisha taratibu.

Tano, oili mpya, kwa kipimo cha kompresa ile. Ziko za aina mbili zinazotajwa sana, PAG na esta. Gari lililozaliwa na R134a kwa kawaida hutumia PAG. Kwa gari linalohamishwa, mafundi wengi hupenda esta kwa sababu inavumilia mabaki kidogo ya oili ya zamani. Zote mbili hunywa unyevu wa hewani haraka, hivyo chupa iliyokaa wazi wiki nzima kwenye benchi ya gereji haifai.

Sita, fundi akafunga vichwa vipya vya kujazia gesi. Vya R12 ni vya kuzungusha kwa nyuzi. Vya R134a ni vya kubana, vinalia "tap!". Vimetofautishwa makusudi ili mtu asikosee gesi. Ukiona gari lina vichwa vya zamani na fundi anatafuta namna ya kulazimisha mpira wa R134a uingie, kimbia.

GEJI YA DAR NA GEJI YA TUNDUMA

Saba ni vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kabla ya kujaza. Hapa pana jambo tamu kwetu watu wa milimani. Pampu ya vakyumu iliunguruma kama saa nzima. Kijana msaidizi akawa anaangalia geji, akalalamika: "Bro, haifiki 30, kuna tundu bado!" Sindano ilikuwa imegota karibu na 25.

Bosi wake akamtuliza. Ile 30, inchi za zebaki, ni ya usawa wa bahari. Dar utaikaribia. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na kila mita 300 hivi unapoteza karibu inchi moja. Kwa Tunduma, ukifika 25 umefika, hakuna zaidi ya hapo. Kinachotakiwa ni kufunga vali, kuzima pampu na kusubiri. Sindano ikitulia nusu saa bila kurudi, mfumo umefunga. Ikirudi, kuna tundu au unyevu. Fundi anayekariri namba ya kitabu bila kujua amesimama mlima gani anaweza kufumua kazi nzuri bure.

Nane, kujaza. Hapa napo watu huharibu. R134a haijazwi kiasi kile kile cha R12, inajazwa pungufu, asilimia 80 mpaka 90. Chukulia kibandiko cha chini ya boneti kinasema gramu 900 za R12: anza na gramu 720, angalia geji na ubaridi, ongeza kidogo kidogo. Mtungi unawekwa kwenye mizani, kama nyama buchani. Kile kijicho cha kioo kilicho juu ya draya, ambacho wazee walikuwa wakijaza mpaka povu liishe, kwa R134a kinadanganya. Ukifukuza povu utajaza kupita kiasi, presha itapaa na kompresa itaumia.

Mwisho, fundi alibandika karatasi ndani ya boneti: gesi R134a, gramu kadhaa, oili esta, tarehe. Karatasi ile inaonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo itakayomwokoa fundi atakayefungua gari hilo miaka mitano ijayo, akiwa Kamsamba au Kariakoo.

Mama akawasha. Dakika tano baadaye alikuwa amepandisha vioo, anatuangalia kwa ndani huku anacheka, hatumsikii.

GESI YA JIKONI NI YA JIKONI

Sasa tuje kwenye ya hatari, na hapa sitanii. Wapo wajanja wanaokushauri: "R134a ya nini? Tia gesi ya kupikia, inapoza kuliko zote." Ni kweli inapoza. Propeni na ndugu zake hupoza, tena vizuri, na yako mafriji yaliyoundwa kuitumia kwa kiasi kidogo sana. Lakini kile kirejeta cha AC kimo ndani ya dashibodi, sentimeta chache kutoka kwenye magoti yako. Kikitoboka, gesi inajaa garini, vioo vimefungwa, halafu mtu anawasha sigara au swichi inatoa cheche. Gari ukigongwa mbele, kondensa ndiyo ya kwanza kupasuka, karibu na injini ya moto. Mfumo wa gari lako haukuundwa kwa gesi inayowaka. Gesi ya jikoni ibaki jikoni, na mtoto wa watu abaki hai.

Ya pili ni mitungi ya kanyaboya. Kwa miaka mingi mtungi wa R134a umezoeleka kuwa wa bluu hafifu, na wa R12 mweupe. Lakini rangi hupakwa, ndugu yangu. Mwaka 2011 makontena ya baridi, yale ya kubebea samaki na matunda melini, yalilipuka huko Vietnam na Brazil na kuua mafundi. Uchunguzi ulionyesha kuwa yalitiwa gesi bandia ndani yake mkiwa na kloridi ya methili, kemikali inayokula aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka moto kikikutana tu na hewa. Kwa hiyo mtungi wa bei ya kutupa, usio na lebo inayosomeka, uliouziwa kichochoroni usiku, mwachie aliyekuletea. Mpaka wetu una mengi mazuri, lakini na njia za panya ni zetu pia.

Na wewe fundi kijana, vaa miwani. Gesi hii ikiwa majimaji huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni, jicho linaganda. Usipashe mtungi kwa moto ili "itoke haraka", weka kwenye maji ya uvuguvugu. Na usivute sigara unapofungua mfumo wenye R12, gesi hiyo ikipita kwenye moto hugeuka sumu.

UBADILI AU UACHE?

Tuambiane ukweli. Baada ya kubadili, AC ya gari la zamani inaweza isipoze kama siku lilipotoka kiwandani, hasa gari likiwa limesimama. R134a hupanda presha zaidi kwenye joto, inahitaji kondensa safi na feni yenye nguvu. Ukikaa kwenye foleni ya malori pale mjini saa sita mchana, utaona ubaridi unalegea, ukitembea unarudi. Dawa ni kuosha kondensa, kuongeza feni, na ukiweza kuweka kondensa ya kisasa yenye njia nyembamba nyingi. Sio kuongeza gesi!

Kama mfumo wako wa R12 bado mzima na unapoza, usiuguse. Haudai kitu. Siku utakapovuja ndipo ubadili, kwa sababu siku hiyo utafunguliwa tu. Kama gari lako limeoza bodi na injini inakunywa oili kama mlevi wa mwisho wa mwezi, weka fedha kwenye breki na tairi kwanza, AC isubiri. Na kama unanunua mkweche, funua boneti, soma kibandiko, angalia vichwa vya kujazia. Muuzaji akisema "AC inataka gesi tu", jibu kwa upole: "Basi itie, ndiyo nilipe." Utaona atakavyobadilisha mazungumzo.

Labda utauliza, je, hii R134a nayo haitakufa? Inakuja kufa, polepole. Haili ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi. Ulaya magari mapya yote yalizuiwa kuitumia kuanzia Januari 1, 2017, yakahamia R1234yf. Na Oktoba 2016, hapo hapo jirani Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za ukoo wa R134a. Nchi nyingi zinazoendelea zilianza kwa kuweka kikomo mwaka 2024, na punguzo linakwenda hatua kwa hatua hadi miaka ya 2040. Kwa mkweche wako, R134a bado ndiyo njia. R1234yf ni ghali, inaweza kuwaka, na haikuundwa kwa gari la babu. Ila tayari unaona kwa nini kila gramu inayovuja ni hasara mara mbili: ya mfuko wako na ya dunia yetu sote.

Haya, kata kipande hiki cha gazeti uweke kwenye dashibodi. Kabla fundi hajashika spana, muulize hivi: Umetafuta tundu? Gesi ya zamani unaitia wapi? Oili unatumia gani, kiasi gani? Draya na oringi unabadilisha? Vakyumu utaweka muda gani? Una mizani? Akijibu yote bila kutafuna maneno, mpe kazi na umlipe haki yake, usimkopee. Akisema "wewe niachie mimi, hii kazi nimeanza kabla hujazaliwa", mpe shikamoo yake, chukua ufunguo wako, uondoke taratibu.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaongea habari za tairi za mtumba na zile tarehe zilizoandikwa ubavuni ambazo hakuna anayezisoma. Mpaka hapo, endesheni pole pole, vioo vikiwa vyeupe. Kazi kwenu!